Shukrani Yenye Pembe

Nilirudi kwetu kwa sababu ya ng'ombe. Si kwamba nilinyimwa, nilipewa. Ndiyo maana kilima kizima kilinicheka, na nikikumbuka walivyocheka, damu bado inanichemka.

Wanawake hurudi kwao kwa sababu zinazoeleweka. Mume mlevi, mume mwepesi wa mkono, mume mwenye nyumba ya pili ng'ambo ya mto. Hao wakifika kwa mama zao na kitenge kimoja begani, hupokelewa kwa machozi. Mimi nilifika na cherehani kichwani. Kaka yangu Ntaganira alikuwa mlangoni anamenya viazi vitamu. Akaniuliza mume amenifanya nini.

"Amenipa ng'ombe."

"Amekupa halafu akakunyang'anya?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Anajaza ndoo."

Ntaganira akaweka kisu chini. "Sasa wewe una nini, Dafroza? Watu wanaomba Mungu wapewe hata mkia wa ng'ombe, wewe umepewa mzima na mkia wake, unakuja hapa kutuaibisha?"

Niliingia chumbani kwa mama, nikatua cherehani, nikalala na viatu.

Mume wangu ni Sezibera, karani wa ushirika wa kahawa, lakini si ukarani uliompa jina. Kinachomjulisha ni mdomo. Kwetu mwanamke haolewi hivi hivi; lazima msemaji wa upande wa bwana harusi akae kwenye kiti cha mbele, aombe mke, na msemaji wa upande wa pili amzungushe kwa mafumbo na mashairi mpaka watu wasahau njaa. Sezibera ndiye msemaji anayetafutwa kilima hadi kilima. Siku za harusi hutupa shuka jeupe begani, akashika fimbo, akasimama kuwasifu mabinti za watu. Nimemsikia kwa masikio yangu akimsifu msichana ambaye alikuwa hajawahi kumwona: mikono yake haijui kulala, nyumba anayoingia haipungukiwi moto. Kina mama wanalia. Baba wa binti machozi yanamtoka, anatoa faranga, pesa za kwetu, anampa msemaji.

Halafu msemaji huyo huyo anarudi nyumbani, anakaa mezani, anaonja maharage, anasema, "Chumvi."

Si "chumvi imepungua, Mama Gisa." Si "leo umepika vizuri ila chumvi." Chumvi, basi. Mimi nainuka naleta chumvi. Na shuka lile jeupe, lililosimama begani kama limechongwa, nani alidhani linajipiga pasi lenyewe? Mimi asante yangu huwa naipiga pasi. Naweka makaa, nanyunyiza maji, nanyoosha pindo kwa pindo mpaka mgongo unalia. Hajawahi kuliangalia. Analivaa tu kama ngozi yake.

Haya, tumeishi hivyo. Mtu huzoea.

Kisha mama yake akapooza. Upande mmoja wote, mkono, mguu, na nusu ya ulimi. Miaka mitatu nilimhudumia. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale senta, nikaleta cherehani nyumbani, nikaifunika kitambaa, vumbi likaifunika juu yake. Mama mkwe alilala chumbani kwangu, na Sezibera akahamia chumba cha Gisa, mtoto wetu aliyeko shule ya bweni, kwa sababu karani anahitaji usingizi. Akikosea mahesabu ya watu ni balaa. Nikasema sawa. Nilimwosha mama, nikamlisha uji kwa kijiko, nikambadilisha. Usiku nilikuwa naamka kumgeuza ubavu huu, kisha ubavu ule, maana muuguzi wa zahanati alinionya kwamba akilala upande mmoja atatoboka vidonda. Nilikuwa nikishamgeuza, yule mama ananishika kidole kwa ule mkono wake mzima, anakibana kidogo. Hana neno, ulimi haumtii. Anakibana tu, kisha anasinzia. Nakwambia ukweli, ile ilinitosha. Ningeweza kuendelea mwaka mwingine kwa kubanwa kidole.

Alipofariki tulilia, tukazika, tukakaa matanga. Mimi moyoni nilikuwa na mpango mmoja, na sioni aibu kuusema: nilitaka kulala. Nilale mpaka jua liingie chumbani lenyewe, mtu asiniite. Baada ya hapo nifungue kibanda changu. Sikuwa na ombi jingine duniani.

Siku ya kuanua matanga watu walijaa uani. Pombe ya ndizi ikazunguka. Sezibera akasimama na shuka lake na fimbo yake, akakohoa. Nikajua tumekwisha.

"Jamaa zangu," alisema, "mnamwona mwanamke huyu? Huyu aliniogeshea mama. Kwa mila zetu, mtu wa namna hiyo hashukuriwi kwa maneno!"

Ndivyo alivyosema, yeye anayeishi kwa maneno. Akapunga fimbo kuelekea mlangoni mwa ua, na vijana wakaingia wanavuta ng'ombe. Mkubwa, wa kizungu, mweusi kwa mweupe, na ndama nyuma yake. Vigelegele vikapasua anga. Mzee Rutayisire, bingwa wa mashairi ya ng'ombe, akaanza kumsifu yule mnyama: pembe zake, macho yake, mwendo wake wa kifalme. Alimsifu mpaka pombe ya mtungi wa kwanza ikaisha. Jina lake, akatangaza mume wangu, ni Ishimwe, yaani Shukrani.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Sezibera. Hotuba yote ile alikuwa anawatazama watu. Nilichoona mimi ni kisogo chake. Mwisho akageuka, akanitia kamba mkononi, akageuka tena kupokea pongezi. Machozi yalinitoka na wanawake wakasema tazama, furaha imemzidi. Jirani yetu Mbonigaba akanipigia kelele akiiga sauti ya mkewe, "Mama Gisa, una bahati wewe! Wangu alinipa kuku nilipojifungua mapacha, na kuku mwenyewe alimla yeye!" Watu walicheka.

Sasa nikuulize wewe unayejua ng'ombe. Ng'ombe anakula nini?

Kwetu ng'ombe haruhusiwi kuzurura. Anakaa kirarani, ndani ya zizi lake, malisho yanamfuata. Na malisho ya Ishimwe yalimfuata juu ya kichwa changu. Alfajiri niko bondeni na mundu nakata matete. Narudi na mzigo unaochoma shingo. Naondoa kinyesi, namwaga maji, nachota mengine, maana ng'ombe yule alikunywa kama shimo. Jioni bondeni tena. Usiku ndama analia, naamka. Nilikuwa nimetoka kumlisha mama yake, sasa namlisha ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hakunibana kidole. Alinikanyaga.

Halafu kukamua. Kwa mila za kale, mwanamke hakamui. Ni mwiko mkubwa. Sezibera anazijua mila zote. Mlete harusini, atakutajia mila ya babu wa babu yako. Mwiko huu mmoja ndio uliomtoka kichwani, kwa sababu anaogopa teke. Basi nilikamua mimi, na yeye akawa anapita na suruali yake ya ofisini, anasimama mbali na kinyesi, anamwimbia Ishimwe: "Ewe mwenye hatua za taratibu, mrembo wa macho, mjaza vyombo!" Mimi niko chini ya tumbo la huyo mrembo wa macho, mkia wake unanipiga usoni. Nilimwonea wivu ng'ombe, nakiri. Mtu mzima, mama wa mtoto, nilimwonea wivu ng'ombe.

Na wageni je! Mwenye maziwa hakosi wageni, na Sezibera alimwalika kila aliyekutana naye njiani. "Karibuni, karibuni, mke wangu ana ng'ombe." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja na mwenyeji akazidiwa. Wanakaa wananywa, wanafuta midomo, wanamwambia Sezibera, "Wewe ni mwanamume! Umemshukuru mkeo!" Yeye anaangalia chini kwa unyenyekevu ule wa uongo. Mimi nakusanya vyombo.

Nilijaribu kumwambia. Jioni moja nilimfuata akiwa anasikiliza redio.

"Baba Gisa, huyu ng'ombe ananiua."

"Amekupiga teke?"

"Hajanipiga. Kazi yake ndiyo inaniua. Nataka kurudi kwenye cherehani yangu. Watu wana harusi, wananiletea nguo, sina muda wa kushona hata tundu la kifungo."

Akapunguza redio. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyerudishiwa zawadi, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. "Niliuza mikaratusi yote ya urithi kwa ajili yako," alisema. "Baba yangu alikufa hajampa mtu ng'ombe. Babu yangu pia. Mimi nimetoa. Na unajua kitu gani kinaniuma? Juzi ulipojikata na mundu, uliapa kwa nani?"

"Sijui. Kwa baba, nadhani."

"'Haki ya Rusagara aliyenipa ng'ombe!' Nilikusikia. Baba yako Rusagara, Mungu amrehemu, alikupa ndama siku ya harusi, ndama huyo akafa kwa kupe kabla Gisa hajaota meno. Mimi nimekupa mzima, mbele ya watu. Mtu akipewa ng'ombe anaapa kwa aliyempa. Mtoto mdogo anajua hilo. Jina langu halijapita mdomoni mwako hata siku moja."

Nilimtazama. Nilikuwa na kinyesi mpaka kwenye viwiko.

"Ndilo linalokusumbua? Unataka kuapiwa?"

"Sitaki. Nasema tu."

"Basi umesema."

Akapandisha redio. Nikaenda kumpa ndama maji. Njiani nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa: mimi naomba usingizi, yeye anaomba kiapo! Kwani kiapo kinakata majani?

Siku yenyewe iliyonitoa nyumbani ilikuwa Jumamosi ya harusi. Binti wa mwalimu mkuu alikuwa ameniletea mshanana wake, vazi la kitambaa chepesi kinachofungwa begani, nikunje pindo na kulinyoosha. Rangi ya dhahabu iliyopauka, laini mno. Nilikuwa nimekata majani, nimekamua, nimesafisha kirara, nimeoga haraka, nimeshika pasi. Nikalala. Nimesimama, pasi mkononi, nikalala. Nilichoamshwa nacho ni harufu. Bega lote la mshanana lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, na binti yuko njiani kuja kuuchukua aolewe.

Hapo hapo mlango wa ua ukafunguka. Sezibera, shuka begani, na wanaume wa upande wa bwana harusi nyuma yake. "Mama Gisa! Wape watu maziwa kabla hatujaenda! Nawaambieni, jamani, mke wangu ana ng'ombe."

Binti alipofika, nilimpa mshanana wangu mwenyewe wa harusi, niliouhifadhi miaka yote hiyo kwenye sanduku, nikaupunguza kiuno hapo hapo, akaondoka anaharakisha. Kisha nikatoa cherehani, nikaipandisha kichwani, nikapita katikati ya wale wanaume waliokuwa wanasubiri maziwa.

"Unakwenda wapi?" Sezibera akauliza.

"Muulize Shukrani."

Basi, ndivyo nilivyofika kwa mama. Mama ni mtu wa maneno machache. Aliniacha nilale. Niliamka, akanipa viazi na maziwa ya mgando. Nikayatazama yale maziwa, akayaondoa akaniletea maji. Nikalala tena. Ntaganira alikuwa anapita dirishani akinung'unika kwa makusudi nisikie: "Amelala! Amekimbia ng'ombe, sasa amelala! Wanawake wa kilima hiki wanasema Dafroza karogwa."

Kwetu mke akirudi kwao, mume lazima aje kumchukua. Anakuja na wazee na pombe, anakaa mbele ya wakwe, anataja kosa lake, anahukumiwa, mke anarudi. Sezibera alikuja na Mzee Rutayisire, yule wa mashairi, na mitungi miwili ya pombe ya ndizi. Nilimchungulia kwenye ufa wa mlango. Shuka lake lilikuwa limekunjamana kama limetoka mdomoni mwa ndama. Nilifurahi. Niseme uongo?

Baba mdogo Karekezi ndiye aliyeshika kiti upande wetu, na Karekezi naye ni mpenda maneno. Walipokaa tu, Sezibera akaanza.

"Wenye boma hili, nimekuja kutafuta kito kilichodondoka kwenye mkufu wangu."

"Kwetu hapa vito ni vingi," Karekezi akajibu, tabasamu limemjaa. "Chako kina alama gani?"

"Kina mikono isiyojua kulala!"

"Aaa! Huyo ni msemaji!" Watu wakapiga makofi. Mirija ikazama mitungini. Wakaendelea hivyo, huyu anarusha fumbo, yule anarudisha, Rutayisire anachomekea ubeti, na mimi niko nyuma ya mlango nasaga meno. Mikono isiyojua kulala! Yaani kosa lenyewe analigeuza kuwa sifa, na ndugu zangu wanampigia makofi!

Mwishowe Karekezi akakumbuka kazi iliyotuleta. "Mkwe, taja kosa lako."

"Baba, nimelitafuta nyumba nzima, sijaliona. Mke wangu alimtunza mama yangu. Nikampa ng'ombe. Akaondoka."

"Ng'ombe mzima?"

"Mzima, na ndama."

Karekezi akanipigia kelele nitoke. Nikatoka. Ntaganira hakuningoja hata nikae. "Shukrani ya punda ni mateke!" alisema. "Mtu anakuheshimu mbele ya kilima kizima, wewe unamtukana kwa kumpa mgongo. Shika cherehani yako urudi kwako leo, kabla mtu huyu hajabadilisha mawazo!"

Kichwa kilinipasuka. Sijui nilisimamaje, najua nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika:

"Haki ya Sezibera aliyenipa ng'ombe, sirudi kule!"

Kisha Rutayisire akaanza kucheka, taratibu, tumbo linamruka, na kicheko kikaenea ukumbini kama moto kwenye majani makavu. Karekezi akapaliwa pombe ikamtoka puani. "Mwanangu," alisema akijifuta, "umeapa kwa mume wako kwamba humtaki mume wako. Kiapo hicho mtu anakishika upande gani?"

Wote walicheka isipokuwa wawili. Mimi sikucheka, na Sezibera hakucheka. Alikuwa ameketi mbele kidogo kwenye kiti, mdomo wazi, macho yana maji.

"Rudia," aliniambia.

"Sirudii!"

"Dafroza." Hakuwa ameniita jina langu tangu Gisa azaliwe. "Umelitaja."

"Nimelitaja kwa hasira! Na wewe usikae hapo kunililia kana kwamba nimekuimbia. Unataka kujua kosa lako? Nitakwambia, na usinijibu kwa fumbo. Nataka kulala. Miaka mitatu nimemgeuza mama yako usiku, ubavu huu, ubavu ule. Nilikuwa najiambia, siku moja nitalala. Siku hiyo ikafika, ukaniletea ng'ombe."

Vicheko vilikuwa vinapungua. Sezibera akakunja uso kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Usiku?" akauliza.

"Usiku."

"Kila usiku?"

"Ulidhani vidonda vinangoja asubuhi?"

"Mimi nilidhani mama alikuwa analala."

"Aliyekuwa analala ni wewe."

Hapo hata Rutayisire aliacha mrija. Ntaganira akawa anaangalia ndani ya kikombe chake kama kuna mtu amezama humo. Nilimwona mume wangu akitafuta maneno. Yeye, ambaye hata akiamshwa usingizini angekuombea mke kwa beti kumi, alifungua mdomo akaufunga, akafungua tena.

"Sikujua," alisema.

Lilikuwa neno lake fupi kuliko yote tangu chumvi.

Watu wanaposimulia habari hii husema hapo nikalainika. Wanasema uongo. Nilikasirika zaidi. Miaka mitatu ukuta mmoja tu ulitutenganisha, na hakujua! Alinishukuru mbele ya kilima kizima kwa kazi ambayo nusu yake hakuwahi kuiona. Karekezi akaniuliza kwa sauti ya chini nataka mume alipe faini gani, kitenge, pombe, mbuzi?

"Asinipe kitu," nikasema. "Nikipewa kitu kingine nitakufa. Anipe asubuhi. Nilale mpaka jua liingie lenyewe. Na mchana niwe kwenye cherehani yangu."

"Na ng'ombe?" Ntaganira akauliza, sauti imeshuka.

"Ng'ombe ni wangu," nikasema. "Nilipewa mbele ya watu. Majani ni ya aliyemleta."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Sezibera alichukua cherehani akaiweka kichwani mwenyewe, juu ya lile shuka lililokunjamana. Nilipotazama mkono wake ulioshika mguu wa cherehani niliona vidole vimefungwa vitambaa, kimoja, viwili, karibu vyote. Matete hukata usipojua kuyashika. Njiani watu walisimama kumshangaa msemaji amebeba cherehani kama mpagazi, wakamwuliza kulikoni. Nilisubiri atoe fumbo. Alisema, "Ni ya mke wangu, nzito sana," akaendelea kutembea.

Usiku ule nililala chumbani kwetu, naye pia. Kabla ya kulala alisimama mbele ya kitanda, mahali pale pale kilipokuwa kitanda cha mama yake. Nikazima taa.

Niliamshwa na jua. Lilikuwa limeingia kwa ufa wa dirisha na kufika mpaka kwenye blanketi. Mwili wangu ulishtuka wenyewe, miguu ikatafuta sakafu: majani, ndoo, ndama! Kisha nikasikia sauti uani. Ndoo ilipinduka. Mtu akalaani kwa mnong'ono.

"Wewe mjinga, simama vizuri. Shii! Usilie. Amelala."

Ng'ombe akalia.

"Shii, nimekwambia! Mwenye hatua za taratibu gani wewe, umenimwagia maziwa yote. Hebu sogeza huo mguu. Sogeza. Aliwezaje huyu mwanamke? Aliwezaje?"

Mlango wa ua ukalia. Ilikuwa sauti ya Mbonigaba, nene, ya mtu aliyezoea kukaribishwa. "Hodi! Mama Gisa! Tumekuja kuonja ya asubuhi!"

"Punguza sauti," Sezibera akasema.

"Ee! Ni wewe huyo, msemaji? Kwenye kinyesi? Mama Gisa yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala? Jua hili? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala."

"Basi mwamshe atupe maziwa, tuna mgeni."

Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja chini. Mazoea ni ugonjwa. Nikangoja nisikie jina langu likiitwa.

"Mbonigaba," mume wangu alisema, na kila neno lilinifikia, "mke wangu hakulala miaka mitatu kwa ajili ya mama yangu. Rudini jioni. Mkija mje na majani."

Mlango wa ua ukafungwa taratibu. Nikainua mguu wangu, nikauingiza ndani ya blanketi.

"Haki ya Sezibera aliyenipa ng'ombe," nikasema, chini chini, asisikie akavimba kichwa. Na nikageukia ubavu wa pili.